GURUDUMU HALINA SIRI: Jinsi ya Kufumbua Hesabu za Mwendo wa Mzunguko

Najua wapo watakaofungua ukurasa huu, waone tarakimu na herufi za Kigiriki, kisha waruke mbio kwenda kwenye mashairi na vitendawili. Ngoja kwanza, ndugu yangu. Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo. Hesabu za magurudumu zilikuwa zikinitoa jasho jembamba, na lau si kisa kilichotokea wakati wa likizo, nisingekuwa na la kuwaeleza leo.

Kisa chenyewe ni hiki. Mjomba alinichukua twende kwa mafundi wa jua kali kuangalia geti alilokuwa ameagiza. Tulimkuta kijana mmoja akikata vyuma kwa grainda ndogo, ile ya kushikwa mkononi. Diski ya kukatia ikamwishia. Akatafuta nyingine ya kiasi kile, hakupata. Akaokota diski kubwa ya mashine nyingine. Tundu la katikati lilikuwa sawa kabisa, ila ukingo wa diski uligonga kile kifuniko cha kinga. Basi akakifungua kifuniko, akakiweka kando, akaikaza diski kubwa na kuchomeka waya kwenye umeme. Kabla hajabonyeza swichi, mzee mmoja aliyekuwa akichomelea madirisha akapaaza sauti:

"Wewe! Weka hiyo chini! Unataka kutuua?"

"Kwani kuna nini, mzee? Si imeingia vizuri?"

"Kuingia imeingia. Lakini umesoma imeandikwa nini?"

Mzee akaichukua diski, akamwonyesha nambari iliyopigwa chapa juu yake, kisha akamwonyesha nambari nyingine iliyo kwenye mashine. Kijana akanyamaza. Mzee yule, kama alivyotueleza mwenyewe, aliachia shule darasa la saba. Nami mwenye daftari zima la mwendo wa mzunguko nilikuwa nimesimama hatua tatu tu kutoka pale, natazama, na sikuona hatari yoyote. Wahenga walisema elimu bila amali ni kama nta bila asali. Siku hiyo nilikuwa nta tupu.

Aibu hiyo ndiyo iliyonirudisha kwenye daftari. Nikagundua kwamba hesabu hizi zote zimesimama juu ya jambo moja: katika gurudumu moja kuna kasi mbili. Ukizitenganisha, umemaliza. Ukizichanganya, umepotea. Hebu tufuatane pole pole, nasi tutarudi kwa yule kijana na diski yake.

PEMBE HUPIMWAJE?

Tumezoea kupima pembe kwa digrii, na mzunguko mzima una digrii 360. Lakini katika mwendo wa mzunguko kipimo kinachotufaa zaidi ni radiani. Wengi husikia jina hilo wakaogopa bure. Fanya hivi: chukua kifuniko cha sufuria na uzi. Kata uzi uwe na urefu sawa na nusukipenyo, yaani kutoka kitovu cha kifuniko hadi ukingoni. Sasa ulaze uzi huo juu ya ukingo, uufuate mviringo. Kutoka kila ncha ya uzi piga mstari hadi kitovuni. Pembe iliyo kati ya mistari hiyo miwili ni radiani moja. Ni karibu digrii 57.3.

Je, uzi huo utaingia mara ngapi kuzunguka kifuniko chote? Mzingo ni 2πr, nao uzi ni r. Kwa hiyo utaingia mara 2π, yaani 6.283. Basi:

mzunguko 1 = digrii 360 = radiani 2π

Uzuri wa radiani ni huu: ukijua pembe kwa radiani, umekwisha kujua umbali uliosafiriwa ukingoni. Zidisha tu kwa nusukipenyo. Tukiita pembe θ (theta), na umbali wa ukingoni s:

s = rθ

Ukitumia digrii, mlinganyo huo hauwezi kufanya kazi. Ndiyo sababu mwalimu husisitiza radiani hadi sauti inamkauka.

KASI MBILI KATIKA GURUDUMU MOJA

Umewahi kuwatazama askari au skauti kwenye gwaride, mstari mzima unapogeuka kama mlango? Yule wa ndani kabisa anapiga hatua papo hapo, karibu hasogei. Yule wa nje ananyoosha miguu mpaka unamwonea huruma. Lakini mstari haukatiki, kwa sababu wote wanageuka pembe ileile kwa muda uleule. Kasi yao ya kugeuka ni moja. Kasi yao ya kutembea ndiyo inayotofautiana.

Gurudumu ni hivyo hivyo. Kasi ya kugeuka tunaiita kasi ya pembe, na alama yake ni ω (omega). Hupimwa kwa radiani kwa sekunde, na ni moja kwa kila sehemu ya gurudumu, iwe karibu na kitovu au ukingoni. Kasi ya pili ni ile ya sehemu fulani ya gurudumu inavyosafiri, mita kwa sekunde. Hii tuiite v. Uhusiano wao ni:

v = rω

Ukiwa mbali na kitovu, r ni kubwa, na v ni kubwa vilevile. Ukiwa kitovuni r ni sifuri, nawe unageuka tu bila kwenda popote.

Mfano mkubwa kuliko yote tumeukanyaga kwa miguu yetu. Dunia huzunguka mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, yaani sekunde 86,164. (Zile saa 24 za saa ya ukutani hupimwa kwa kulitazama jua, na kwa kuwa dunia nayo inalizunguka jua, hutakiwa dakika nne hivi zaidi.) Kasi yake ya pembe ni:

ω = 2π ÷ 86,164 = 0.0000729 radiani kwa sekunde

Hiyo ni ndogo mno, kweli? Lakini nusukipenyo cha dunia kwenye ikweta ni mita 6,378,000. Kwa hivyo mtu aliyeketi Nanyuki, mji ulio kwenye ikweta, anasafiri kuelekea mashariki kwa kasi ya:

v = 6,378,000 × 0.0000729 = mita 465 kwa sekunde

Hiyo ni zaidi ya kilomita 1,670 kwa saa, na chai haimwagiki! Mtu wa London yuko mbali na ikweta, karibu zaidi na mhimili wa dunia, kwa hiyo kasi yake ni mita 290 hivi kwa sekunde. Kasi ya pembe yao ni ileile, maana jua huwachwea wote mara moja kwa siku.

Tofauti hiyo si ya mchezo. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki kutoka karibu na ikweta hupewa kasi hiyo bure, bila kuchoma hata tone la mafuta. Ndiyo sababu mojawapo Waitaliano walijenga jukwaa lao la San Marco baharini katika Ghuba ya Ungwana, karibu na Malindi, digrii tatu hivi tu kusini mwa ikweta. Kutoka jukwaa hilo, tarehe 12 Desemba 1970, ilirushwa setilaiti ya Marekani iliyokuwa ya kwanza kutengenezwa mahsusi kwa kuchunguza eksirei zitokazo kwenye nyota. Kwa kuwa siku hiyo Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka saba ya uhuru, setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Anayedai kwamba Kiswahili na sayansi haviketi meza moja, mwonyeshe jina hilo katika vitabu vya wanaanga.

MCHAPUKO WA PEMBE

Mpaka hapa gurudumu letu limezunguka kwa kasi isiyobadilika. Lakini magurudumu huanza, huongeza kasi, hupunguza, husimama. Kiasi ambacho kasi hubadilika kila sekunde huitwa mchapuko. Kasi ya pembe ikibadilika, tuna mchapuko wa pembe, na alama yake ni α (alfa). Hupimwa kwa radiani kwa sekunde kwa sekunde. Gurudumu likipunguza kasi, mchapuko wake tunauwekea alama ya kutoa.

Sasa habari njema. Ile milinganyo ya mwendo wa mstari mnyoofu mliyoikariri zamani haikupotea bure. Kila herufi yake ina pacha wake huku:

umbali s ni pacha wa pembe θ
kasi ya mwanzo u ni pacha wa kasi ya pembe ya mwanzo ω₀
kasi ya mwisho v ni pacha wa kasi ya pembe ya mwisho ω
mchapuko a ni pacha wa mchapuko wa pembe α
muda t ni t yuleyule, hana pacha

Badilisha herufi na utapata:

(1) ω = ω₀ + αt
(2) θ = ½(ω₀ + ω)t
(3) θ = ω₀t + ½αt²
(4) ω² = ω₀² + 2αθ

Na kama vile v = rω, mchapuko wa sehemu ya ukingoni kuufuata mviringo ni a = rα.

Angalizo: milinganyo hii minne ni ya pale tu ambapo mchapuko haubadiliki. Swali likisema kasi inapungua kwa kiasi sawa kila sekunde, una ruhusa ya kuitumia.

HATUA TANO ZA KUFUATA

1. Andika ulichopewa na unachotafutwa, kila kimoja na herufi yake. Usianze kukokotoa kabla ya kuandika.
2. Geuza vipimo. Mizunguko kwa dakika, zidisha kwa 2π, gawanya kwa 60. Utapata radiani kwa sekunde. Kipenyo, kigawanye kwa mbili upate nusukipenyo. Milimita ziwe mita.
3. Chagua mlinganyo ambao una herufi moja tu usiyoijua.
4. Kokotoa.
5. Jiulize: jibu hili lina maana? Gurudumu la baiskeli lililozunguka mara elfu tisini ndani ya sekunde nne ni la miujiza, si la fizikia.

SWALI LA KWANZA: BAISKELI

Baiskeli inakwenda kilomita 18 kwa saa. Nusukipenyo cha gurudumu ni mita 0.35. Mwendeshaji anafunga breki na baiskeli inasimama kwa sekunde 4, gurudumu bila kuteleza. Tafuta mchapuko wa pembe wa gurudumu, na idadi ya mizunguko kabla ya kusimama.

Kilomita 18 kwa saa ni mita 5 kwa sekunde. Gurudumu lisipoteleza, kasi ya ukingoni (ukiitazama kutoka kwenye ekseli) ni sawa na kasi ya baiskeli yenyewe. Kwa hiyo:

ω₀ = v ÷ r = 5 ÷ 0.35 = radiani 14.29 kwa sekunde

Mwishoni ω = 0, na t = 4. Mlinganyo wa (1):

α = (0 − 14.29) ÷ 4 = −3.57 radiani kwa sekunde kwa sekunde

Mlinganyo wa (2):

θ = ½ × 14.29 × 4 = radiani 28.6
28.6 ÷ 6.283 = mizunguko 4.5 hivi

Tuhakikishe. Umbali wa ukingoni ni rθ = 0.35 × 28.6 = mita 10. Na kwa njia ya zamani ya mstari mnyoofu: ½ × 5 × 4 = mita 10. Njia mbili, jibu moja. Hapo unaweza kupiga mstari mara mbili chini ya jibu na kulala usingizi.

SWALI LA PILI: MASHINE YA POSHO

Hili linawahusu wanaotumwa kusaga mahindi. Tuseme rota ya mashine ya posho inazunguka mara 3,000 kwa dakika. Injini inazimwa, na rota inapunguza kasi kwa kiasi sawa kila sekunde hadi kusimama baada ya sekunde 50. (a) Ilizunguka mara ngapi tangu kuzimwa? (b) Baada ya sekunde 40, ilikuwa bado inazunguka kwa kasi gani?

Kwanza geuza:

ω₀ = 3,000 × 2π ÷ 60 = radiani 314 kwa sekunde

(a) θ = ½ × 314 × 50 = radiani 7,850
7,850 ÷ 6.28 = mizunguko 1,250

Hapa ndipo wengi wetu huwa tunaanguka. Mtu anachukua 3,000 na 50 vilevile zilivyo, anapata ½ × 3,000 × 50 = 75,000, na anafurahi. Amechanganya dakika na sekunde, na jibu lake limekuwa kubwa mara 60. Kusema kweli, swali hili unaweza kulifanya hata bila radiani, mradi vipimo vikubaliane: mizunguko 3,000 kwa dakika ni mizunguko 50 kwa sekunde, na ½ × 50 × 50 ni 1,250. Milinganyo minne haikatai mizunguko. Zinazodai radiani bila msamaha ni s = rθ, v = rω na a = rα.

(b) α = (0 − 314) ÷ 50 = −6.28 radiani kwa sekunde kwa sekunde
ω = 314 − (6.28 × 40) = radiani 62.8 kwa sekunde

Gawanya kwa 6.28: mizunguko 10 kila sekunde.

Usilipite jibu hilo haraka. Injini imezimwa. Kelele imepungua. Sekunde arobaini zimepita, na kwa mtu mwenye haraka zile ni nyingi. Lakini ndani ya chuma kile rota bado inapita mbele ya mkono wako mara kumi katika sekunde moja. Itazunguka mara ngapi kabla ya kutulia? ½ × 62.8 × 10 = radiani 314, yaani mara 50 zaidi. Anayefungua kifuniko na kuingiza mkono kutoa unga ulioganda, kwa kuwa "si imezimwa", amesahau kwamba kuzima na kusimama ni mambo mawili. Kati ya mambo hayo mawili ndipo α inapoishi.

SWALI LA TATU: DISKI YA YULE KIJANA

Sasa turudi kwa jua kali. Nilipofika nyumbani nilikaa chini na kuliandika kama swali la mtihani.

Diski nyingi za kukatia vyuma zimetengenezwa zistahimili kasi ya ukingoni isiyozidi mita 80 kwa sekunde, ambayo ni kilomita 288 kwa saa. Diski ndogo ya kipenyo cha milimita 115 kwa kawaida huandikwa mwisho wake ni mizunguko 13,300 kwa dakika. Ile kubwa ya milimita 230 huandikwa karibu 6,650, nusu yake kamili. Je, kubwa ni dhaifu kuliko ndogo? Hata kidogo. Tukokotoe:

Ndogo: ω = 13,300 × 2π ÷ 60 = radiani 1,393 kwa sekunde
v = 0.0575 × 1,393 = mita 80 kwa sekunde

Kubwa: ω = 6,650 × 2π ÷ 60 = radiani 696 kwa sekunde
v = 0.115 × 696 = mita 80 kwa sekunde

Umeona? Kasi za pembe ni tofauti, lakini kasi ya ukingoni ni ileile. Kilichowekewa mpaka na watengenezaji ni v, siyo ω. Wanaandika mizunguko kwa dakika kwa sababu ndiyo nambari inayoandikwa pia kwenye mashine, ili fundi alinganishe.

Grainda ndogo kama ile ya kijana huzunguka karibu mara 11,000 kwa dakika.

ω = 11,000 × 2π ÷ 60 = radiani 1,152 kwa sekunde

Ikiwa na diski yake ndogo:
v = 0.0575 × 1,152 = mita 66 kwa sekunde. Iko salama, chini ya 80.

Ikiwa na diski kubwa:
v = 0.115 × 1,152 = mita 132 kwa sekunde. Hiyo ni kilomita 477 kwa saa!

Mashine ni ileile, swichi ni ileile, mizunguko ni ileile. Nusukipenyo peke yake ndicho kilichoongezeka maradufu, na kasi ya ukingoni ikaongezeka maradufu nayo.

Na msiba wenyewe haujaisha. Kila chembe ya diski inayozunguka hutaka kwenda moja kwa moja, kama jiwe linalotoka kwenye kombeo. Kinachoizuia ni gundi na nyuzi zilizoishikilia diski. Nguvu inayozivuta gundi na nyuzi hizo huongezeka kwa mraba wa kasi ya ukingoni. Linganisha kasi hii na ule mpaka wa 80:

132 ÷ 80 = 1.65
1.65 × 1.65 = 2.7

Diski ingevutwa kwa nguvu karibu mara tatu ya ile ya mwisho iliyokusudiwa kustahimili. Ikipasuka, vipande hutoka kwa kasi hiyohiyo ya ukingoni, na kile kifuniko cha kuvizuia kilikuwa kimewekwa kando juu ya mchanga. Kijana alikuwa mbele ya diski. Mjomba alikuwa ubavuni. Nami nilikuwa hatua tatu.

Mzee hakukokotoa lolote. Alisoma tu kwamba diski imeandikwa 6,650 na mashine imeandikwa 11,000, akajua kwamba kubwa haiwezi kuvaliwa na ya pili. Kanuni aliyoitumia ni fupi, na inafaa kubandikwa kwenye kila kibanda: nambari ya diski iwe kubwa kuliko nambari ya mashine, au angalau sawa nayo. Na kifuniko kisitolewe. Tundu kuwa sawa si ruhusa, kwa maana diski ya milimita 115 na ile ya 230 kwa kawaida hutobolewa tundu la kiasi kimoja, milimita 22 na ushei.

MAKOSA YANAYOTUPONZA

Nimeyapitia madaftari yangu ya zamani na haya ndiyo niliyoyaona yakirudiwa:

Kutumia kipenyo badala ya nusukipenyo. Swali likisema "upana wa gurudumu kutoka ukingo hadi ukingo", gawanya kwa mbili kabla ya kitu kingine.

Kuacha mizunguko kwa dakika bila kuigeuza, kisha kuitia katika v = rω.

Kusahau alama ya kutoa gurudumu linapopunguza kasi. Bila alama hiyo, mashine iliyozimwa itaonekana inaongeza kasi hadi mwisho wa dunia.

Kudhani kwamba ω ikiwa sifuri, α nayo lazima iwe sifuri. Sivyo. Gurudumu linaloanza kuzunguka lina ω ya sifuri katika nukta ile ya kwanza, lakini α tayari ipo, isingekuwapo lisingeanza.

Kudhani kwamba gurudumu lenye kasi isiyobadilika halina mchapuko wowote. Mchapuko wa pembe halina, ni kweli. Lakini kila sehemu ya ukingo inabadilisha mwelekeo kila wakati, kwa hiyo ina mchapuko wa kuelekea kitovuni, ambao ni v² ÷ r. Huo ndio uliokuwa tayari kuipasua ile diski.

JIPIME MWENYEWE

Usitazame majibu kabla ya kujaribu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

1. Setilaiti ya Uhuru ilijizungusha polepole angani, karibu mara moja kwa kila dakika 12, ili iichungulie mbingu. Tafuta kasi yake ya pembe kwa radiani kwa sekunde, na kwa digrii kwa sekunde.

2. Feni inaanza kutoka kimya, na baada ya sekunde 8 inazunguka mara 240 kwa dakika. Mchapuko haubadiliki. Tafuta α na idadi ya mizunguko katika sekunde hizo.

3. Kisimani, kamba ya ndoo imeviringishwa kwenye gogo la nusukipenyo cha mita 0.10. Mtu anauachilia mkono wa kuzungushia, na ndoo inashuka mita 9 kwa mchapuko wa mita 2 kwa sekunde kwa sekunde. Tafuta α ya gogo, pembe liliyozunguka, na kasi ya pembe ndoo inapogusa maji. Ncha ya ule mkono iko mita 0.40 kutoka kitovuni. Je, inapita kwa kasi gani?

4. Diski ya kipenyo cha milimita 180 inastahimili mita 80 kwa sekunde. Ni mizunguko mingapi kwa dakika inayostahili kuandikwa juu yake?

MAJIBU

1. Dakika 12 ni sekunde 720. ω = 6.283 ÷ 720 = radiani 0.0087 kwa sekunde, au digrii 0.5 kwa sekunde.

2. ω = radiani 25.1 kwa sekunde. α = 3.14 radiani kwa sekunde kwa sekunde. θ = radiani 100.5, yaani mizunguko 16.

3. α = a ÷ r = 2 ÷ 0.10 = 20 radiani kwa sekunde kwa sekunde. θ = s ÷ r = 9 ÷ 0.10 = radiani 90, mizunguko 14 na kitu. ω² = 2 × 20 × 90 = 3,600, kwa hiyo ω = radiani 60 kwa sekunde. Ncha ya mkono: v = 0.40 × 60 = mita 24 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 86 kwa saa. Ukiuachilia, usijaribu kuudaka. Wacha ndoo izame.

4. ω = 80 ÷ 0.09 = radiani 889 kwa sekunde, ambayo ni mizunguko 8,490 hivi kwa dakika.

Basi wenzangu, wino unaniishia. Mkishindwa na jambo lolote hapa, niulizeni, au afadhali mwulizeni mwalimu wa fizikia, maana yeye ndiye mwenye mizani. Lakini kesho ukipita karibu na kitu chochote kinachozunguka, cherehani, feni, baiskeli au mashine ya posho, simama kidogo ujiulize maswali mawili: kinageuka upesi kiasi gani, na ukingo wake unakwenda upesi kiasi gani? Mzee yule wa jua kali alikuwa na jibu kabla yangu. Ningependa siku nyingine, kijana mwingine akishika diski isiyo yake, sauti ya kwanza ya kumkataza iwe ya mmoja wetu.